Miguu ya Carina ya Baba

Ukilalamika Mwanza kwamba gari lako linavuta upande, jibu utalipata kabla hujamaliza sentensi: "Kapige alaimenti." Atakwambia bodaboda aliyeegesha pembeni, atakwambia shemeji yako, atakwambia kijana wa kituo cha mafuta. Ni kama zamani kila homa ilivyokuwa malaria. Dawa ilishajulikana, kilichobaki ni kumeza.

Sisemi kwamba alaimenti haina kazi. Ina kazi kubwa. Ninachosema ni kwamba ina zamu yake, na zamu hiyo ni ya mwisho. Aliyenifundisha ni gari moja, Toyota Carina Ti ya baba yangu, pamoja na daftari moja la mistari ambalo yeye hulitunza kuliko gari lenyewe.

Baba alikuwa mwalimu. Alipostaafu, sehemu ya kiinua mgongo ilikwenda kwenye Carina hiyo, toleo lililotengenezwa kati ya 1996 na 2001, ambalo lilikuwa limeshatembea sana Japani kabla ya kuiona bandari ya Dar es Salaam. Anaishi Sengerema, na kila mwezi huja Mwanza kliniki, Bugando. Kwa miaka mingi safari yake ilikuwa na kituo kimoja cha lazima: kivuko cha Kigongo–Busisi. Unafika, unapanga foleni, unanunua karanga, unasubiri, unavuka. Gari lilipumzika kila safari, na dereva alipumzika nalo.

Juni 2025 likazinduliwa Daraja la J.P. Magufuli, kilomita 3 juu ya maji. Foleni ikaisha. Kwa msafiri ilikuwa neema. Kwa gari la zamani ilikuwa mtihani, maana sasa kuna lami nzuri, imenyooka, na hakuna cha kukupunguza mwendo. Tabia ambazo gari lilizificha kwenye mashimo na foleni zikaanza kujitokeza. Baba akanipigia simu: "Mwanangu, nikiwa darajani usukani unatetemeka, na gari inataka kwenda ziwani." Halafu akaongeza, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kutimiza wajibu, "Na alaimenti nimepiga."

Alikuwa amepiga kweli. Alipokuja mjini nililifungua daftari. Baba huandika kila kitu: tarehe, kilomita, bei, hata jina la duka. Ndani ya miezi 14 alikuwa amepiga alaimenti mara 4, na tairi za mbele alikuwa amezibadilisha mara 2. Karatasi za mashine alizibandika kwa gundi, moja moja, kama ripoti za wanafunzi. Kila karatasi ina safu mbili. Ya "kabla" ina namba nyekundu, ya "baada" ina namba za kijani. Ukizitazama utasema gari hili ndilo lenye afya kuliko yote Kanda ya Ziwa. Lakini katika kurasa zote hizo hakuna mstari hata mmoja uliotaja bushi, boljointi, tairodi wala shokapu. Mtoto mmoja alikuwa amepelekwa hospitali mara nne, akapimwa joto mara nne, na hakuna aliyemfunua shati.

Hebu kwanza tuelewane alaimenti inapima nini, kwa sababu wengi tunailipia bila kujua.

Kuna pembe tatu. Ya kwanza simama wima uione kwenye miguu yako. Geuza vidole vya miguu vitazamane: hiyo mafundi wanaiita to-ini. Vigeuze vitazame nje: to-auti. Ya pili ni kemba, yaani tairi kuinama kwa ndani au kwa nje ukilitazama gari kutoka mbele, kama mtu mwenye matege. Ya tatu ni kasta. Hii ukitaka kuielewa tazama uma wa mbele wa baiskeli kutoka ubavuni, jinsi ulivyolala kidogo kurudi nyuma kwa dereva. Mlalo huo ndio unaofanya usukani upende kurudi katikati wenyewe baada ya kona. Kwenye gari nyingi ndogo za Toyota kasta hairekebishiki kwa spana. Kemba inasogea kidogo tu, kwenye bolti zinazounganisha shokapu na kitovu cha tairi. Kinachorekebishwa hasa kila ukilipia alaimenti ni vile vidole, kwa kuzungusha tairodi.

Na vidole si jambo dogo. Chukua tairi lenye kimo cha sentimita 60 hivi, kama la Carina. Tuseme tairi mbili za mbele zimetazamana milimita 3 zaidi ya inavyotakiwa, unene ambao hata macho hayauoni. Piga hesabu: kila kilomita moja gari inapokwenda mbele, kila tairi linaburuzwa ubavu kama mita 2 na nusu. Kwenye kilomita 100 ni mita 250 za kuburuzwa kwenye lami. Ndiyo maana tairi "linaliwa" upande mmoja, na ukipitisha kiganja juu yake unahisi meno kama ya msumeno. Kwa bei ya tairi moja jipya unaweza kulipia alaimenti zaidi ya mara mbili, kwa hiyo hoja ya kupima ipo.

Lakini pembe zote hizo zinashikiliwa na nini? Hapo ndipo mazungumzo yetu ya mtaani huishia.

Zinashikiliwa na mpira na vijipira vya chuma. Chini ya kila tairi la mbele kuna ami, mkono wa chuma unaotoka kwenye fremu kwenda kwenye tairi. Upande wa fremu ami inakaa kwenye bushi mbili za mpira, ili itikisike juu na chini bila kugonga. Upande wa tairi inaishia kwenye boljointi, ambayo ni kama nyonga ya binadamu: kichwa cha mviringo ndani ya kikombe, kimepakwa grisi na kufunikwa kwa mpira usiingie vumbi. Juu yake yote imesimama shokapu ikiwa imevikwa springi.

Mpangilio huu una jina la mtu, Earle MacPherson, mhandisi Mmarekani aliyeubuni miaka ya 1940 akiwa General Motors, kisha akahamia Ford. Ford Consul na Zephyr za Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1950, zilikuwa miongoni mwa gari za kwanza kutoka nao kwa wingi. Afrika Mashariki ilizifahamu mapema. Mashindano ya Safari yalianza 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na mwaka 1955 yalishindwa na Zephyr. Kwa hiyo mguu ule ule unaogonga leo kwenye matuta ya Buhongwa umetoka kwenye ukoo uliopimwa kwenye vumbi letu miaka 70 iliyopita. Uzuri wake ni urahisi: vipande vichache, bei nafuu. Ubaya wake ni huo huo. Vipande vikiwa vichache, kila kimoja kinabeba mengi, na kimoja kikilegea hakuna wa kukisitiri.

Na Mwanza tunavilegeza kweli. Mji umejengwa juu ya miamba. Kule vilimani, Isamilo, Mabatini, Bugarika, ziko barabara zilizopangwa mawe, imara kwa mvua lakini kila jiwe ni ngumi ndogo kwenye bushi. Ukishuka barabara kubwa unakutana na matuta, kisha rasta, kisha matuta tena. Wapo wanaonyanyua gari kwa kuweka spesa juu ya shokapu ili lisiguse chini. Gari linapanda kweli, ila ami nazo zinainama kuliko zilivyoumbwa, na pembe zote zinahama. Juu ya hayo yote kuna umri. Mpira huzeeka hata gari likiwa limeegeshwa.

Sasa rudi kwenye ile mashine ya alaimenti. Mashine inapima gari lililosimama. Gari limepanda jukwaani, limetulia, usukani umefungwa katikati, hakuna anayekanyaga breki. Katika hali hiyo hata bushi iliyokufa inaweza kukaa mahali pake, na namba zikakubali kuwa za kijani. Ingia barabarani ukanyage breki: ami inarudi nyuma sentimita nzima, tairi linageuza vidole, gari linavuta. Achia breki, linarudi. Karatasi haikudanganya. Ilisema ukweli wa dakika ile moja gari lilipokuwa limesimama. Na usukani kutetemeka ukiwa kwenye mwendo, kwa kawaida hiyo si kesi ya alaimenti kabisa. Ni balansi ya tairi, au rimu iliyopinda, au viungo vilivyolegea vinavyokuza mtikisiko mdogo ukawa mkubwa.

Nilitaka kumpeleka baba kwa fundi wa miguu, Nyakato. Akakataa. Sababu yake ilikuwa ya kimwalimu: "Wale wa chini ya mti hawana karatasi." Kwake yeye kazi isiyo na karatasi ni maneno. Nilimwelewa. Kizazi chake kiliishi kwa stakabadhi. Ukipoteza stakabadhi umepoteza haki. Tulibishana kuanzia chai mpaka chakula cha mchana. Alichokubali mwishoni ni "kuangalia tu, bila kufungua kitu."

Fundi alikuwa wa rika langu, mikono imejaa grisi hadi kwenye kiwiko. Alimwamkia baba kwanza shikamoo, kisha alipogundua anakotoka, "Mwangaluka, baba." Nikaona mabega ya baba yanashuka kidogo. Hakuuliza karatasi ziko wapi. Aliuliza, "Inagonga ukiwa unakunja kona au ukiwa kwenye tuta?" Kisha akapitisha kiganja kwenye tairi, akapiga jeki, akalishika tairi juu na chini.

"Saa sita na saa kumi na mbili," alisema, akilitikisa. "Hapa inaongea boljointi au beringi. Nikishika saa tatu na saa tisa, inaongea tairodi." Baadaye niliiwaza hiyo. Saa ya Kiswahili imepinduka, saa sita yetu iko pale Wazungu wanaposoma kumi na mbili, lakini kwenye tairi haileti tofauti yoyote. Juu na chini ni zile zile mbili, ubavuni vilevile. Kipimo hiki hakihitaji tafsiri.

Tairi lilicheza. Fundi akamwita baba: "Mzee, njoo shika mwenyewe."

Baba alikunja mikono ya shati lake jeupe, taratibu, mkunjo kwa mkunjo, kama alivyokuwa akifanya kabla ya kuandika ubaoni. Akashika tairi juu na chini. Akavuta, akasukuma. Tak. Akavuta tena. Tak. Fundi akaingiza mtaimbo kati ya ami na fremu, akaukandamiza, na bushi ya nyuma ikafunguka kama mdomo. Mpira ulikuwa umechanika wote, chuma kinasugua chuma. Mfuniko wa boljointi nao ulikuwa umepasuka, grisi imekauka na kugeuka udongo.

"Hii ikichomoka inakuwaje?" baba aliuliza.

"Tairi inalala, mzee. Gari inakaa chini upande huo, na usukani unakuwa wa mapambo."

Baba hakusema kitu. Alitazama upande wa barabara muda mrefu. Najua alikuwa anahesabu ni mara ngapi amepita lile daraja, na mama akiwa kiti cha pembeni.

Kazi ilichukua siku mbili. Nitaeleza mambo matatu kwa sababu yanaweza kumsaidia mwingine.

La kwanza ni spea. Dukani utapewa ngazi tatu: mpya ya bei ya chini, mpya ya kampuni inayojulikana, na mtumba. Kwa vyuma vizima kama ami, mtumba usiopinda si vibaya. Kwa mpira na boljointi mtumba ni kununua uzee wa mwenzio. Boljointi hasa, kama kuna mahali pa kubana matumizi, si hapo. Na vinabadilishwa kulia na kushoto kwa pamoja, maana vimetembea kilomita zile zile.

La pili ndilo lililompendeza baba kuliko yote. Fundi alipachika bushi mpya kwa presi, akarudisha ami, akaweka nati, lakini hakuzikaza. Akashusha gari likasimama kwa tairi zake, akalikandamiza mbele mara kadhaa, ndipo akaingia chini na spana. Baba akauliza, "Kwa nini hukukaza wakati ilikuwa juu na nafasi ipo?" Fundi akachukua kitambaa, akakishika ncha mbili, akakisokota. "Ukikaza gari ikiwa kwenye jeki, ami imening'inia. Bushi inajishika ikiwa hivyo. Ukishusha chini, mpira unasokotwa namna hii, na unabaki umesokotwa saa zote, hata ukiwa umelala. Miezi michache umechanika." Niliona uso wa baba ukibadilika. Alikuwa ameona mwalimu mwenzake. Akatoa daftari, akaandika, akachora na kitambaa.

La tatu ni alaimenti yenyewe. Fundi alifunga kamba nne pande mbili za gari, akapima kwa rula mbele na nyuma ya rimu, akazungusha tairodi mpya mpaka akaridhika. "Hii ni ya kukufikisha kwenye mashine tu," alisema. "Kamba inajua vidole, kemba haijui vizuri."

Tukaenda kwenye mashine. Sitataja ni wapi, na wala sina ugomvi nao. Mara zote nne baba aliomba alaimenti, wakampa alaimenti. Ingawa utaratibu unaofundishwa ni kwamba kabla ya kupima chochote, anayepima akague upepo wa tairi, beringi, bushi na viungo, na akikuta ulegevu amrudishe mteja. Kumrudisha mteja ni kupoteza hela ya siku ile, na mteja mwenyewe anataka karatasi. Ni mapatano ya kimya ambayo wote tumeyasaini.

Safu ya "kabla" ilipotokea kwenye kioo, ilikuwa nyekundu kuliko zote zilizopita. Baba akashtuka. "Mbona imekuwa mbaya zaidi?" Nikamweleza: tumebadilisha kila kilichoshikilia zile namba, lazima zihame. Safari hii ndipo zina mahali pa kukaa. Kijana wa mashine alirekebisha kemba kidogo, kisha vidole, kijani ikajaa. Karatasi ikatoka, inafanana kabisa na nne za mwanzo. Ukiziweka tano mezani, huwezi kujua ipi ni ya gari lililopona.

Hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo, na si kwa ajili ya Carina pekee. Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8. Sisi tunalipokea, tunalitoza ushuru wa uchakavu, tunaliachia barabarani. Silaumu, bila hivyo mwalimu mstaafu wa Sengerema asingekuwa na gari. Lakini nchi iliyochagua kutembelea magari ya umri huu imechagua pia kuwategemea watu wanaojua kushika tairi saa sita na saa kumi na mbili. Badala yake tumejenga imani kwenye kinachobandikika: stika ya Wiki ya Nenda kwa Usalama kwenye kioo, karatasi ya kijani kwenye daftari. Si kwamba stika ni mbaya. Ila mtu akishaibandika anaona amemaliza, kama baba alivyoona amemaliza.

Kabla hatujaondoka Nyakato baba alimpa fundi kalamu. Kwenye daftari alikuwa ameandika kwa mwandiko wake wa ubaoni: bushi 4, boljointi 2, tairodi endi 2, balansi, alaimenti mwisho. Akamwomba asaini pembeni. Fundi alifuta mikono kwenye suruali mara mbili kabla ya kuishika kalamu. Alisaini, kisha akaongeza maneno yake chini: "Arudi baada ya km 1,000 tukaze tena."

Jioni ile baba alinipigia akiwa Busisi, ng'ambo ya daraja. Usukani umetulia, alisema, aliuachia kidogo na gari halikwenda ziwani. Mama akasikika nyuma akimkemea kwa kuuachia. Baba akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Ila sasa hivi, kule mbele kulipotulia, nasikia kuna kitu kinalia nyuma."